Kitanda cha Dirishani cha Dada Yangu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza dada yangu, kamati imenipa ukurasa mmoja na dakika kumi, nami nimeandika kurasa nne, kwa hiyo walio juani wavumilie na walio kivulini wawasogelee wenzao, maana nimekuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na nne, nimeandika historia za marehemu wengi, zote nzuri, zote fupi, lakini hii siwezi kuisoma kama mtu baki, kwa sababu aliyelala hapa ni mtu niliyemwonea wivu tangu nilipopata akili, na nikianza kwa kulificha hilo, hata humo alimo atanicheka.

Marehemu alizaliwa asubuhi ya tarehe 14 Machi 1957, katika zahanati iliyo nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, na mimi nikazaliwa tarehe 20 Juni 1959 katika zahanati ileile, pengine juu ya kitanda kilekile, na tangu hapo kila nilichopata kilikuwa kimeshapita kwake, gauni, viatu, sweta, hata madaftari yaliyobaki kurasa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba cha watoto kilikuwa na vitanda viwili, kimoja chini ya dirisha, kingine nyuma ya mlango, na yeye kwa kuwa ndiye mkubwa akachukua cha dirishani, akawa anaona barabara, malori na watu na safari zao, huku mimi naona kitasa. Nilipomlalamikia mama, mama alisema zamu yangu itafika, nami nikaingoja zamu hiyo miaka na miaka mpaka dada alipoolewa, na alipoolewa tu, mama akaweka cherehani pale.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974, na naomba iandikwe mahali kwamba mimi ndiye niliyekuwa nashika nafasi ya kwanza, yeye akiwa wa tisa, wa kumi, huko, lakini wageni walipokuja nyumbani baba hakuwaonyesha ripoti yangu, aliwaonyesha redio mbovu ambayo dada aliifufua kwa kisu cha mezani. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya injini za dizeli, msichana mmoja kati ya wavulana ishirini na wanane, waliomwita Mama Pistoni wakidhani atakasirika, naye akalipokea jina hilo kwa mikono miwili, na wengi wenu mlioko hapa hamjui kama aliwahi kuwa na jingine.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi kama fundi msaidizi, akapanda hatua kwa hatua hadi kuwa mkuu wa karakana, akastaafu tarehe 30 Juni 2012, na wenzake wa kazi waliokaa safu ya pili watanishuhudia kwamba alikuwa akigusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho kafumba, halafu anasema nozeli ya nne imechoka, na ikifunguliwa ni ya nne kweli. Mimi goti liliniuma mwaka mzima wa 1998, nikalisema kila Jumapili mezani, na hakuna aliyefumba macho kulisikiliza.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi wa viti vya mabasi, mtu mpole, mwenye mikono mizuri, ambaye mara ya kwanza alikuja kwetu kupima kochi la mama, na aliyemfungulia mlango ni mimi, aliyempa kiti ni mimi, aliyemletea chai ni mimi, lakini hayo yamepita, shemeji ananisikia na anatabasamu, na mimi nimeshamsamehe kwa kuwa na haraka ya kuuliza yule mwenye ovaroli ni nani. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1987, ambaye leo ni muuguzi, na ambaye utotoni alikuwa akilala kwangu pindi mama yake alipokuwa zamu, akaniita mama mdogo kwa sauti ambayo nikiri kwamba niliipenda kuliko haki yangu.

Sasa nafika kwenye lile gari, ambalo mmeliona limeegeshwa hapo nje na mnajua ndilo lililomleta. Mwezi Aprili 2004 kampuni ililitupa basi fupi la viti ishirini na sita, injini ya dizeli ya silinda sita, bodi imeoza, na dada akalichukua wakati kila mtu anasema ni chuma chakavu, akalileta kwenye uwanja wa nyumba ya wazazi kwa kuwa lango letu ndilo pekee lililokuwa pana, na kwa miaka sita yeye na mumewe wakalijenga upya, yeye akishughulika chini na shemeji akishughulika ndani, likawa na jiko la gesi, sinki, tangi la maji, choo cha kukunja magoti, kitanda chao cha watu wawili upande wa nyuma, na kitanda kingine chembamba ubavuni, chini ya dirisha kubwa kuliko yote. Shemeji alilibatiza Mume Mwenza, maana alisema amegundua yeye ni wa pili, na hakutia chumvi, kwa sababu kila asubuhi dada alipima oili kabla ya kunywa chai, akaangalia maji ya rejeta, akafungulia kikoki cha chini ya chujio la dizeli kumwaga maji yaliyotuama, na kila Jumamosi aliliwasha hata kama haliendi popote, asije akaliacha likasahau kazi yake. Mimi nina presha ya damu tangu mwaka 2006, na sikuwahi kupimwa kwa mapenzi ya namna ile.

Mwaka 2010 wakaanza kusafiri wakati wa likizo, na alipostaafu ndiyo wakawa hawashikiki, wiki mbili huku, wiki tatu kule, wanalala kwenye kingo za maziwa na nyuma ya vituo vya mafuta, wanaamka wanachemsha chai huku mlango uko wazi, na kila jioni simu inaita, naye mama, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa, anauliza mko wapi sasa, mmeona nini, mmekula nini. Mimi ndiye niliyekuwa nampikia mama, namwogesha, namkata kucha, lakini nilikuwa karibu naye mno kiasi kwamba hanioni, na mimi ndiye niliyembandikia ramani ukutani ili afuate safari za mwanawe kwa kidole, na roho ikiniuma kila kidole kilipohama.

Tarehe 3 Mei 2013, saa mbili asubuhi, gari likiwa linanguruma langoni, dada alifungua mlango wa ubavuni akaniambia panda twende, kitanda cha dirishani kipo, na jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama palepale akisema atakaa na mama hata mwezi. Ndugu zangu, nilikataa. Nilisema mama nitamwachia nani, mimi siyo mtu wa kulala barabarani kama mzigo, mimi nina kazi zangu, na nilisema hivyo si kwa sababu sikutaka, nilitaka sana, nilikataa ili nibembelezwe, na dada yangu, ambaye maisha yake yote alizungumza na vyuma visivyojua kununa, akasema haya, akafunga mlango, wakaondoka. Hakurudia kuniita.

Yanayofuata shemeji hayajui, na naomba anisamehe hadharani. Huko nyuma, mwaka 2011, dada alikuwa amenionyesha skrubu ndogo juu ya chujio la dizeli, ya kutolea hewa, akanifundisha kwamba ikilegea kidogo injini itawaka vizuri, itatembea dakika chache kwa mafuta yaliyobaki njiani, kisha itavuta hewa na kuzimika, na mimi ni mwanafunzi wa nafasi ya kwanza, sisahau nilichofundishwa. Mwezi Agosti 2013, asubuhi ya safari yao iliyofuata, wakiwa ndani wanakunywa chai, nilichukua koleo langu la jikoni, nikailegeza ile skrubu nusu mzunguko, na gari likafika njia panda, likakohoa, likafa, vijana wa gereji wakalisukuma mpaka uwanjani kwetu, na dada akachungulia kwenye injini, akajifuta mikono, akatangaza kwamba leo haliendi, tutaondoka kesho. Shemeji akaenda zake mjini, na dada akatoa viti viwili vya kukunja, akaviweka kwenye kivuli cha gari, tukakaa kutwa nzima, mimi na yeye, tukamenya machungwa, tukamsengenya kila tuliyemjua, akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikawa nimepata siku yangu moja bila kumwomba mtu.

Nikanogewa. Mama alifariki tarehe 11 Oktoba 2016, kisingizio changu kikaisha, nikangoja niitwe, sikuitwa, na sikuomba, kila mmoja kanuna kwa adabu, basi nikaendelea na koleo langu, safari kumi na moja, na gari likazimika mara kumi na moja pale njia panda, na mara kumi na moja mkuu wa karakana mstaafu, mtu wa kusikia nozeli kwa bisibisi, akashindwa kuponya tatizo la nusu saa mpaka kesho yake. Na mimi, ndugu zangu, kwa akili zangu zote za ukarani, nikaamini nimemzidi ujanja.

Mwezi Novemba 2022 dada alianza kulalamika maumivu ya tumbo, tarehe 9 mwezi huo madaktari wakagundua saratani, akapata matibabu kwa uvumilivu mkubwa, akilazwa na kuruhusiwa, akilazwa na kuruhusiwa, na tarehe 6 Mei mwaka huu, nilipompelekea uji, alinyoosha mkono chini ya mto akatoa kitambaa cha karakana, ndani yake mna spana namba kumi, akaniambia hii ni yako, koleo lako linakula kichwa cha skrubu, nimeshaibadilisha mara mbili. Nilimuuliza, kama ulijua, mbona hukunibembeleza nipande, akanijibu kwamba alidhani sitaki safari, nataka abaki, na kubaki siku moja moja ndicho alichoweza, halafu akasema kile kitanda cha dirishani hakijalaliwa na mtu, godoro bado liko kwenye nailoni, na shemeji hakuruhusiwa hata kuweka begi juu yake. Miaka kumi nilionea wivu kitanda changu mwenyewe.

Dada yangu alifariki tarehe 17 Mei 2023, saa tisa na dakika arobaini alasiri, wodi namba sita, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mumewe upande mmoja, binti yake upande wa pili, na mimi miguuni, kwa sababu kichwani walishakaa wengine, na hata hapo nilisikia kile kijicho changu kikinichoma, msidhani nimepona. Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa yule daktari kijana aliyekubali kuulizwa maswali ya injini na mgonjwa wake, inawashukuru majirani waliopika, waliobeba viti na walionizuia nisipike mimi, inawashukuru wafanyakazi wa karakana waliolisafisha gari na kuliendesha, na vijana wa gereji ya njia panda, ambao ninawaomba radhi kwa kusukuma kote kule.

Leo asubuhi, kabla halijawashwa, niliomba dakika tano peke yangu na gari, nikafungua boneti, nikaweka spana yako juu ya ile skrubu, na sikufichi, dada, mkono wangu ulitaka kuilegeza, ili tufike njia panda lizimike, turudi uwanjani, tutoe viti viwili, uondoke kesho. Nikaikaza. Nikapanda mlango wa ubavuni bila kubembelezwa na mtu, nikachana nailoni, nikakaa kwenye kitanda cha dirishani, na wewe ukalala pembeni yangu upande wa mlango, ambako kwa miaka yote nililala mimi, na njia nzima hukuona kitu, nilikuwa nakusimulia mimi.

Pumzika kwa amani, dada, zamu yangu imefika.