Vibao Vinne na Kiti cha Nyuma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia shuleni kwetu, mwalimu ambaye wanafunzi humwita Mama Hakijatajwa anastaafu tarehe 30 Juni.

Jina hilo limetokana na vibao vinne vinavyoning'inia kwenye misumari ukutani mwa maabara. Kila kimoja kina mlinganyo wa mwendo wenye mchapuko usiobadilika, yaani kasi inayoongezeka au kupungua kwa kiwango kilekile. Vitu ni vitano: kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho, mchapuko, muda na umbali, na kila kibao kimeacha kimoja. Mwanafunzi akikimbilia kuandika, Mama humnyang'anya kalamu na kumuuliza ni kipi hakijatajwa, yaani hakikutolewa wala hakikuulizwa. Kibao kisicho na kitu hicho ndicho chake. Vingine hugeuzwa vitazame ukuta. Hata kwenye vikao alituuliza hivyo hivyo, na mara nyingi kilichokuwa hakijatajwa ni chai.

Mhudumu wetu wa maabara, baba wa watoto watatu, alikuwa ameanguka mtihani wa fizikia mara mbili, na bila kufaulu asingeingia chuo cha ualimu. Umri ulikuwa unamtupa mkono. Jaribio la tatu lilikuwa la mwisho. Milinganyo alikuwa ameikariri yote. Shida ni kwamba akiulizwa mchapuko, alidaka kibao cha kwanza chenye mchapuko, kisha akikosa muda, anaubuni. Kila alasiri, mhudumu akishaosha vyombo vya maabara, Mama alimketisha. Alimwambia, baba, huo muda umeuokota wapi, mbona swali halina saa. Alikuwa mkali, lakini hakumcheka hata siku moja.

Kwenye mtihani likaja swali la gari linalofunga breki: kasi ya mwanzo ipo, mwishoni limesimama kwa hiyo kasi ya mwisho ni sifuri, umbali upo, mchapuko unatafutwa. Muda haukutajwa. Anasema alicheka peke yake mpaka msimamizi akamsogelea. Alifaulu, akasoma chuo, akarudi kwetu. Muhula ujao vipindi vya Mama ni vyake, na hofu anayo. Tumemwona akifuta vibao visivyo na vumbi.

Kamati ilipomuuliza Mama anataka zawadi gani, sisi tukiwa tumeshafikiria jokofu, aliomba kiti cha nyuma katika kipindi cha kwanza cha huyo mwalimu mpya.

Mama, asante kwa subira yako, tutaikosa sana. Kiti kipo, tumeshakikaza misumari. Pumzika kwa afya na furaha, na tafadhali, siku hiyo usimnyang'anye kalamu.