Vifungo vya Kila Aina

Ndugu waombolezaji, kaka yetu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Mzee Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ileile yenye duka, akiwa kifungua mimba wa mshona mashati, na utotoni alilala juu ya marobota ya vitambaa, cherehani ikimbembeleza.

Alisoma shule ya mtaani hadi mwaka 1965, masomo yakamkataa, naye akayakataa, wakaachana kwa wema. Mwaka 1974 alirithi chumba cha mbele, akaandika mlangoni VIFUNGO VYA KILA AINA, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana duka lilikuwa kimya siku nzima, mteja haonekani, vumbi likielea juani juu ya visanduku, mwenyewe amejinyoosha kitini, macho yamefumba nusu, lakini jioni jikoni kwake kunanukia nyama. Mtaa ukajiuliza anakula wapi, ukajijibu wenyewe kwamba vifungo anavyouza ni vile vya kufunga watu, kizazi, riziki na ndoa, basi kina mama wakawa wanawavuta watoto wapite ng'ambo.

Tarehe 4 Agosti 1979 alimwoa wifi yetu, baada ya wakwe kukataa mara mbili wakiogopa kwamba ni mganga, wakajaliwa mabinti wawili. Ukweli ulikuwa mwepesi tu, chumba ni chake, halipi kodi ya pango, na viwanda vya sare za shule na za wauguzi vilimpigia simu, vifungo vikatoka kwa magunia kupitia mlango wa uani. Tulimsihi aueleze mtaa, akasema anayejieleza sana hujichongea, lakini jamani, ilimuuma, kwani alitamani jirani mmoja tu aingie, anunue kifungo cha shati.

Alianza kuugua moyo Novemba 2018, akalazwa, akafariki usingizini Jumapili, tarehe 10 Februari 2019. Kesho yake fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye miaka yote alinunua vifungo sokoni, aliingia dukani na shati la maziko aliloshona mwenyewe, akachagua vifungo vyeupe polepole, akataka kulipa, wifi akakataa, fundi akaketi kwenye kiti cha marehemu, akavishona huku analia.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wenye viwanda waliosafiri hadi hapa, na majirani wote, pamoja na ninyi mliochelewa.

Kaka, shati limekukaa vizuri, pumzika kwa amani.