Mafuta Yaligeuka Meupe Wakati wa Hotuba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Alhaji Napari. Magajia wetu, kiongozi wa akina mama, Mama Sanatu. Waheshimiwa wa meza kuu. Na Bwana Tiyumba, afisa habari, ambaye tunamwona pale akichezea simu:

Makaribisho

Karibu Gbanzaba. Maji umekunywa, kokwa ya kola ya kukaribishia mgeni umetafuna, sasa tunaweza kusema. Tuliagizwa risala iwe fupi na yenye shukrani. Fupi itakuwa.

Tulikotoka

Sisi ni akina mama wakamuaji wa mafuta ya shea. Miaka yote walanguzi walikuja na magari yao, wakatutajia bei hata injini hawajazima, nasi tukauza kwa sababu watoto wanataka kula. Ndipo mwenzetu Azaratu Neindow alipojifunza kuendesha semina za mtandaoni kwa simu yake. Tulimcheka sana.

"Azara, utamuuzia nani mafuta humo ndani ya kioo?"

"Nyie pigeni mafuta," akatujibu, "domo niachieni mimi."

Mafanikio

Domo analo kweli. Azaratu hahutubii, Mheshimiwa. Anamwita kila mgeni kwa jina, anamuuliza yuko wapi na kama huko kuna baridi. "Haya, leteni viwiko kwenye kamera, tuone nani amepauka!" Watu wazima wa Accra na Hamburg wanakunja mikono ya mashati, wanacheka, wanaonyesha. Kisha anaelekeza simu kwenye beseni, tunapolipiga rojo la kahawia kwa mikono huku tukiimba, na wageni wanabahatisha ni lini litageuka jeupe. Likigeuka wanapiga kelele kama goli limeingia. Hapo ndipo wanaponunua, wakiwa bado wanacheka.

Bi Ebun wa Lagos, mwenye saluni nyingi, alihudhuria mara moja tu akaahidi kuwaleta wenye saluni wenzake. Wakipenda, watachukua mafuta yetu yote ya msimu.

Changamoto

Changamoto ni nyinyi. Tumetafuta neno la adabu zaidi, tumelikosa.

Kwetu hualiki wageni wengi bila kumjulisha mkubwa. Kwa hiyo Azaratu alibeba kola akaja ofisini kwako kutoa taarifa. Taarifa tu, Mheshimiwa. Ofisi yako ikamrudishia ratiba: dua, utambulisho wa meza kuu, uteuzi wa mwenyekiti, neno la mwenyekiti la kukubali kuwa mwenyekiti, halafu hotuba yako. Bwana Tiyumba akabadilisha nywila ya semina "ili itifaki izingatiwe", na siku ilipofika akafunga vipaza sauti vyetu vyote.

Sisi tulianza kupiga rojo kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba yenu. Rojo likishaanza halisimamishwi, ukiliacha linaharibika. Lilipoanza kubadilika rangi, Azaratu akampigia Bwana Tiyumba kwa simu ya Magajia.

"Kaka, linageuka! Nifungulie!"

"Dada, subira. Mheshimiwa bado anahutubia, hajafika kwenye sehemu ya barabara."

"Barabara gani? Watu wamekuja kuona mafuta!"

"Sasa nimkate Mheshimiwa? Unataka nifukuzwe kazi?"

Mafuta yakaelea, meupe, mazuri kuliko siku zote, na hakuna aliyeyaona ila sisi na mbuzi wa Mama Sanatu. Kwenye kioo wageni walikuwa wanatazama paji lako la uso na feni ya dari yako. Wakaondoka mmoja mmoja. Bi Ebun aliandika: "Nimewaita wenzangu waone mafuta, mmetuonyesha mwanasiasa. Kwetu nako wapo."

Azaratu alikaa kando ya beseni akalia. Sisi wengine tulikasirika, na mpaka leo hii tunaposimama mbele yako tumekasirika. Mafuta yale aliyachukua mlanguzi, kwa bei aliyoitaja yeye.

Ombi

Azaratu amembembeleza Bi Ebun mpaka amekubali kujaribu tena, Alhamisi hii, na mama huyo amesema hakuna mara nyingine. Juzi ofisi yako ilituletea bango. Picha yako imejaa katikati, kopo la mafuta limebanwa pembeni chini ya nembo, na imeandikwa kwamba utaifungua semina. Usiifungue, Mheshimiwa. Azaratu ataifungua.

Hatuombi mashine wala banda jipya, ingawa hili tulilomo linavuja. Tunaomba nywila yetu. Majina ya wageni wote yamo kwenye semina iliyofungwa nayo, na Bwana Tiyumba anasema hawezi kuitoa bila idhini yako. Wewe uko hapa, yeye yuko hapa, na Azaratu amesimama mbele yake na simu mkononi. Toa idhini, tusikie sote. Ugali wetu wa tuo zaafi uko tayari jikoni na mchuzi wake wa mlenda wa ayoyo, lakini hakuna atakayepakua kabla ya hapo, maana wapakuaji ndio sisi.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani salama, na Alhamisi akujalie shughuli nyingine.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama cha Suhuyini, Gbanzaba. Tunasubiri.