Ngoma ya Mayu Nyanjige Inasubiri Pasaka

Wasifu wa Mama Mektilda Nyanjige Masunga, 1953–2025
Umesomwa na mdogo wake, Anatoli Masunga, kijijini Mwabugulu, Bariadi, Ijumaa tarehe 11 Aprili 2025

Baba Paroko, wanajumuiya, ndugu na majirani, nawasalimu, mwadila. Karatasi hii inamhusu Mama Mektilda Nyanjige Masunga, ambaye wengi wenu mlimwita Mayu Nyanjige, yaani Mama Nyanjige, na wachache waliothubutu walimwita Mama Ngoma. Ngoma yenyewe mnaiona hapo kando ya jeneza, imefunikwa kitambaa cha zambarau. Tangu asubuhi watu wananong'ona wakiulizana kama itapigwa. Jibu ni hapana, na sababu mtaisikia, ila kwa zamu yake. Marehemu hakupenda mtu wa kurukia mwisho.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 huko Bukundi, ambako leo ni wilaya ya Meatu na wakati ule kulihesabiwa Maswa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Masunga Ngasa na Mama Shida Kulwa. Baba yao alikuwa mfugaji, na kila baada ya mavuno alikuwa mpiga ngoma wa kutafutwa mpaka Mwanhuzi. Watoto wa kiume walifundishwa kupiga. Nyanjige hakufundishwa, kwa kuwa msichana kazi yake ilikuwa kucheza. Basi akajifundisha mwenyewe kwenye debe la maji, kisimani, kwa vidole viwili ili asisikike. Ndugu yake mmoja, ambaye hatutamtaja ila ndiye anayesoma hapa, alimchongea kwa baba. Mzee Masunga akamwita, akamwamuru apige mbele yake, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia yule mchongezi akamwambia akajifunze kwa dada yake. Mchongezi hajaweza mpaka leo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 palepale Bukundi na kumaliza la saba mwaka 1968. Katikati ya masomo hayo alihudhuria mafundisho ya dini kwa katekista aliyekuwa akifika kwa baiskeli mara moja kwa wiki, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1967 kwa jina la Mektilda. Alipenda kusimulia kwamba siku ile hakukumbuka maji wala mshumaa. Alichokumbuka ni kwamba kwa siku arobaini za Kwaresima watu waliimba bila ngoma, na ulipoanza wimbo wa Utukufu ngoma ikalia, akadhani paa linaondoka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo, ukimuuliza Pasaka ni nini, alikujibu kwamba ni siku ngoma inaporudi.

Ndoa yake nayo ilingoja Pasaka. Joakim Luhende, kijana wa hapa Mwabugulu, alimaliza mambo ya ng'ombe na wakwe mwezi wa tatu mwaka 1973, akataka wafunge ndoa wiki ileile kabla baba mkwe hajabadili nia. Nyanjige akamwambia ni Kwaresima. Joakim akaenda kwa Padri, naye Padri, kwa kumhurumia, akasema kunaweza kupatikana ndoa ndogo isiyo na shangwe. Nyanjige akajibu kwamba ndoa isiyo na shangwe aifunge huyo Padri. Walifunga ndoa tarehe 5 Mei 1973, Jumamosi, kwa ngoma tatu. Mzee Joakim amekuwa akisema kwamba katika miaka yote waliyoishi pamoja, zile wiki za kungoja ndizo pekee alizomkasirikia mke wake, na hata hizo alikuwa amekosea yeye.

Mungu aliwajalia watoto sita. Waliishi kwa jembe: pamba, mahindi, na mpunga kwenye mbuga ya chini pale maji yanapotuama. Walisomesha, wakaezeka bati, wakapatwa na misiba yao wakasimama tena. Ila kazi iliyomjulisha Marehemu ni nyingine. Mwaka 1994 mpiga ngoma wa parokia alihamia Binza, Maswa, kufuata biashara, na Jumapili mbili kwaya ikaimba kwa kupapasa. Jumapili ya tatu Mayu Nyanjige alitoka kwenye benchi la akina mama, akaiendea ngoma, akaipiga. Wazee walitazamana. Baada ya Misa hakuna aliyesema neno, na katika kijiji hiki hiyo maana yake ni ndiyo.

Akawa mlinzi wa ngoma kwa miaka thelathini na moja. Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu aliibeba kutoka kanisani mpaka kwake, hatua mia moja na tisini, akaifunika kitambaa cha zambarau na kuiweka chumbani, upande wa kichwani. Kwaresima yote ilikaa hapo, na wiki za nyumba ile zilijulikana. Jumatano alikwenda kuwaona wagonjwa na kuwapelekea uji. Alhamisi adhuhuri alitoa ngoma, akaipaka samli ngozi isikauke, akaianika juu ya paa la jiko. Ijumaa saa tisa ilikuwa Njia ya Msalaba, na hapo hukumkuta mtu shambani hata palizi ingekuwa imezidi. Jumamosi asubuhi ilikuwa jumuiya, nyumba kwa nyumba, na Jumapili alikaa kwenye benchi mikono mapajani, vidole vikimwasha. Maparoko kadhaa walimweleza kwamba ndani ya Kwaresima zipo sikukuu ambazo ngoma inaruhusiwa. Alikuwa mkali kuliko wao. Aliwajibu kwamba yeye alifundishwa arobaini, na hakuna aliyemfundisha arobaini kasoro.

Alivunja sharti lake mara moja tu, na lazima lisemwe, maana kijiji kizima kilisikia. Ni Kwaresima ya mwaka 2006. Mvua ilikuwa imekata, mahindi yamesinyaa, ng'ombe wanaangukia njiani. Ijumaa tarehe 24 Machi, watu wakiwa wamepiga magoti kituo cha kumi na mbili, mvua ikashuka. Mayu Nyanjige aliinuka, akatoka nje bila kuaga, na punde ngoma ikasikika kutoka kwake. Waumini nao wakatoka. Paroko wa wakati ule alibaki kanisani na katekista na vituo viwili. Alipomaliza alivuka njia akiwa amelowa, akamkuta Marehemu uani, ngoma mikononi, maji yanamtiririka usoni.

"Mama Mektilda, umempigia nani?" akamuuliza.

"Aliyeleta mvua, Padri."

Padri akasema huyo naye angeweza kungoja Pasaka. Akampa kitubio cha kufagia kanisa kila Ijumaa hadi Kwaresima iishe. Kwaresima iliisha, Padri akahamishwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, Mayu Nyanjige alifagia kanisa kwa miaka kumi na minane na ushee.

Mwezi wa tisa mwaka jana, 2024, alianza kuchoka na kuvimba miguu. Alipelekwa hospitali Bariadi, ikaonekana moyo umetanuka. Alipewa dawa na akahudumiwa vizuri, familia inashukuru. Alirudi nyumbani mwishoni mwa Februari akijua hali yake, na akasema analo ombi moja tu, kuifikia Pasaka aipige ngoma. Jumanne kabla ya Majivu, kwa mara ya kwanza, ngoma ililetwa na Mzee Joakim. Jumatano tarehe 5 Machi katekista alimletea majivu kitandani. Ijumaa alifunguliwa dirisha asikie nyimbo za Njia ya Msalaba, na walioimba pole pole mno waliambiwa kesho yake.

Sasa tunafika kwenye kosa la Mzee Joakim, ambalo ameruhusu lisomwe. Alhamisi ya tarehe 13 Machi alisahau kuipaka ngoma samli, akaipaka Ijumaa mchana. Alipaka kwa mapenzi, yaani kupita kiasi. Kengele ikalia kabla hajaipandisha juu ya paa la jiko, akaiacha kwenye kigoda mlangoni, akawahi kanisani. Ndani alikuwamo Marehemu, amelala, na binti yao Elina akimpepea. Nje walikuwapo mbwa wawili. Mzee aliporudi alikuta ngozi ina tundu la ukubwa wa sahani, na mbwa wamelala kivulini wameridhika.

Alikaa chini palepale. Alikuwa mtu wa miaka sabini na minane, amezika mtoto, amepoteza mifugo, lakini anasema hajawahi kuogopa mlango kama siku ile. Mwishowe mkewe mwenyewe akaita kutoka ndani, akiuliza mbona amerudi na hasemi. Akaingia akamwambia. Mayu Nyanjige alicheka mpaka akakohoa, Elina akamwinua.

"Waache," alisema. "Wao hawakupakwa majivu."

Lakini jioni alilia, na hilo pia lisemwe. Alilia kwa sababu alikwishajua kwamba hataipiga tena kwa mikono yake, na sasa aliona Pasaka inakuja na hakuna ngoma ya kulia kabisa. Mzee Joakim akamshika mguu uliovimba akamwahidi kwamba ngoma italia. Hakuwa amewahi kuwamba hata kigoda.

Ngozi mbichi aliipata Bariadi mjini kwa Bwana Mustapha, mwenye bucha, ambaye yupo nasi hapa leo. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mustapha alimtazama mzee aliyefunga, yeye naye amefunga, akamkabidhi ngozi na kukataa kupokea chochote. Marehemu akawa fundi kutoka kitandani: iloweke siku mbili, ikwangue manyoya, ikaze ingali mbichi, ianze kukaukia kivulini. Mzee alifuata yote isipokuwa kivuli. Haraka ya Pasaka ilimfanya aianike juani, ikapasuka kwenye kamba. Akarudi kwa Mustapha Jumatatu ya tarehe 31 Machi, siku ya Idi, akiona aibu kugonga mlango wa mtu siku ya sikukuu. Mustapha alimpa ngozi ya pili na sahani ya pilau. Akamwambia, "Sisi tumefika, mzee wangu. Ninyi bado. Safari hii usikimbie."

Hakukimbia. Siku nne alilinda kile kivuli kwa fimbo, akiwatazama wale mbwa na wao wakimtazama. Jumapili tarehe 6 Aprili, baada ya Misa, aliingiza ngoma chumbani na kuilaza kitandani. Wana walikuwamo, majirani walikuwamo. Mzee Joakim alimwomba agonge mara moja tu, kidogo, aseme kama imeshika, kwani nani atasikia?

Mayu Nyanjige aliweka kiganja juu ya ngozi. Akaipapasa kutoka kati mpaka ukingoni, akabonyeza kwa kidole gumba, akaweka sikio. Hakugonga.

"Mimi nitasikia," alisema, "na bado ni Kwaresima. Imeshika, Joakim. Hata mkinizika kesho, msiipige. Pasaka, Utukufu ukianza, uipige wewe. Piga kwa nguvu, kutoka kanisani mpaka hapa si mbali."

Mzee akasema hajui kupiga. Akaambiwa alete mkono. Siku tatu zilizofuata Marehemu alimfundisha mdundo wa Utukufu kwa vidole viwili kwenye kiganja chake, kama alivyojifunza kisimani ili asisikike. Akikosea alimrudisha mwanzo. Jumatano tarehe 9 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, alimrudisha mwanzo mara mbili, akasema sasa afadhali, akalala. Hakuamka. Mzee anasema mkono wake aliuacha palepale mpaka kulipopambazuka.

Ameacha mume, Mzee Joakim Luhende, watoto watano, Deogratias, Justina, Elina, Precious na Nancy, mwana wao Masunga alitangulia mwaka 1981, wajukuu kumi na saba, vitukuu wanne, ndugu wawili, mmoja akiwa huyu mchongezi, kanisa safi, na ngoma moja yenye ngozi mpya ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuisikia sauti yake. Familia inawashukuru Baba Paroko, katekista, akina mama wa WAWATA, jumuiya ya Mtakatifu Monika, Bwana Mustapha, na nyote mliokuja na kuni, unga na maji. Tukitoka kaburini saa tisa itakuwa imefika, na leo ni Ijumaa. Njia ya Msalaba iko palepale. Angetuuliza.

Kaburi lake tumelichimba uani, upande unaotazama kanisa. Mzee Joakim amepima kwa miguu yake: ni hatua mia moja na tisini, kama ilivyokuwa. Wiki ijayo, katika mkesha wa Pasaka, Utukufu ukianza, tunawaomba mzuie vigelegele kidogo hapo mwanzo. Atapiga yeye. Akikosea, mwacheni aanze upya.

Mama Mektilda Nyanjige apumzike kwa amani, na kwa ukimya, mpaka Pasaka.