Hakimu Haitikii Wimbo

Mwenyekiti, weka simu chini. Nakuita mwenyekiti kwa kuwa ndivyo ulivyoingia humu, na shati la mkutano na uso wa mkutano; ukitaka nikuite mwanangu, vuta kile kigoda ukae karibu na dada yako, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Haya. Na wewe binti yangu, mama, acha kunifuta jasho, utanifuta nikimaliza. Nisikilizeni, wanangu, na mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima kwa kijiko.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani ni ya binti yangu. Asiitie mafuta mengi, itamchafulia vitambaa. Kile kibao nilichokuwa nikigongea kuwanyamazisha waimbaji si mali yangu, kirudi kwenye kikundi. Deni ninalolijua ni moja: gauni la mwalimu wa jirani limebaki upindo wa chini, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Limaliziwe, nisiende kaburini na nguo ya watu.

Hayo yameisha. Sasa lile lililonikaa kooni.

Mmegombana, na mlidhani sijui. Mgonjwa hufumba macho, masikio hayafumbwi. Najua wewe mwanangu umemfuta dada yako kwenye kikundi cha kuimba kwa kuwa amekosa mazoezi mfululizo bila kutoa taarifa, na unasema sheria ni sheria, ukimwachia yeye watu watasema kikundi ni cha ukoo. Na wewe binti yangu umekwisha kuonana na wakili, Jumatatu unakwenda kumshtaki kaka yako mahakamani, kwa sababu wewe humpigii mtu magoti. Na mimi nawauliza: hayo mazoezi aliyoyakosa, alikuwa wapi? Alikuwa hapa, ananigeuza kitandani. Kila mtu alijua, lakini hakuna aliyemwita kumuuliza, na yeye akaona si kazi yake kujieleza.

Mlikuwa wadogo, hamkumbuki nilivyotolewa mimi. Kikundi tulikianzisha wawili, mimi na yule tuliyemwita Zumari, katika chumba cha nyuma cha duka langu la kushona, katikati ya vipande vya vitambaa. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Wimbo wetu mkubwa mnaujua. Wa kwanza anauliza, "Uko wapi, mwenzangu?" na wa pili anaitikia, "Nipo, nakuja." Tuliuimba harusini, tuliuimba msibani, kila mtu akausikia kwa haja yake, na ilikuwa mwiko kuufundisha watu wa nje. Baba yenu alipolazwa nikawa nakaa naye wodini, na usingizi ukimkataa namwimbia. Ningemwimbia nini kingine? Wauguzi wakapita wakaudaka, mmoja wao alikuwa mwimbaji wa kikundi kingine, na wimbo ukaenda ukaimbwa kwenye harusi ya watu tusiowajua. Zumari ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Akaambiwa nimeutoa wimbo. Kamati ikakaa mimi nikiwa wodini, ikanifukuza, na habari nikaletewa na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake.

Wanangu, swali moja tu lingetosha. "Uliwafundisha?" Ningejibu, tungelia, tungecheka, yangekwisha. Nikaiomba kamati inisikilize, ikakataa. Nikaomba mkutano wa wanachama wote, kama kanuni zetu zinavyoruhusu, wakasema hakuna mkutano. Nikaenda kwa Zumari mwenyewe, mlango wa jikoni, mlango niliozoea kuusukuma tu nikaingia, na siku hiyo nikapiga hodi kama mgeni. Akanijibu mwenyewe, kwa ile sauti yake ya pili isiyofichika: "Hayupo!" Mtu mzima anajitangazia kutokuwepo. Nilicheka njia nzima, na nilipofika nyumbani ndipo nikajua kwamba nalia.

Ndipo nikaenda mahakamani. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole, akaniambia mbele ya watu kwamba wimbo ni mzuri au mbaya, nani apewe sauti ya kwanza, nani akae benchi la nyuma, hayo si yake, hayo ni ya wenye kikundi, na mahakama ikiingia kila mahali watu wanaponuniana haitatoka tena. Nikadhani nimeshindwa. Lakini akamgeukia Zumari akamuuliza jambo moja: "Huyu mlimwita mkamsikiliza?" Zumari akatazama viatu vyake. Hakimu akasema basi hapo hapakuwa na uamuzi, arudishwe kundini, na wakiwa na shitaka naye wamwite, wamsikilize, ndipo waamue.

Nikarudi. Nilijishonea gauni jipya, fikirini ujinga huo. Wakanipa nafasi yangu ya mbele, hakuna aliyenitukana, amri ya mahakama ikaheshimiwa kama maiti inavyoheshimiwa. Nikafungua kinywa: "Uko wapi, mwenzangu?" Zumari akanyamaza. Na yeye aliponyamaza, wote wakanyamaza. Nikauliza tena. Hapo nikaelewa kwamba hakimu anaweza kukufungulia mlango, lakini hawezi kukuitikia wimbo. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Zumari alipokufa nilisimama nyuma ya watu, karibu na lango la makaburi. Wakauimba ule wimbo wetu, wakaupindapinda, nami nikauliza kwa chini, "Uko wapi, mwenzangu?" na aliyejua kunijibu ndiye aliyekuwa akishushwa. Baadaye wenzake walikuja kunichukua, wakanikabidhi kiti na kibao chake, nikavipokea, mpaka ugonjwa uliponilaza na kiti kikakujia wewe mwanangu. Lakini moyo wangu ulivunjika siku ile na haukuungika, na msidanganywe na mtu kwamba miaka inaunga. Maji yakimwagika hayazoleki, wanangu.

Kwa hiyo, binti yangu, Jumatatu usiende. Mahakama ni ya mtu aliyefungiwa milango yote, na wewe hujapiga hodi hata mmoja. Hicho kiburi sikukiweka kwenye urithi, ulijichukulia mwenyewe. Nenda ukaombe mkutano wa wanachama wote, usimame, useme ulikuwa wapi.

Na wewe mwanangu, itisha huo mkutano, kisha uinuke kwenye kiti akikalie mwingine. Ukimpendelea dada yako ni upendeleo, na ukimkomoa ili uonekane humpendelei, hiyo nayo ni kesi ya ngedere kwa hakimu nyani. Sheria ya mazoezi niliitunga mimi, nilipokwisha kukabidhiwa kibao, kwa ajili ya wavivu. Sikuitunga kwa ajili ya mtu anayemsafisha mama yake.

Wakikataa kumsikiliza, basi aende mahakamani mchana kweupe, na wewe kaka yake umsindikize, na mtu asimwite msaliti. Ila aende akijua hakimu atampa nini na nini hana cha kumpa.

Maji... kidogo tu. Basi, yatosha.

Siku ya kunizika... wimbo wetu muuimbe ninyi wawili, mmoja aulize, mwingine aitikie. Mkiwa hamsemezani, nizikeni kimya. Nimeuliza siku mbili bila kujibiwa, ya tatu sitaiweza, hata nikiwa nimekufa.

Nipeni mikono. Wote. Hii mikono niliipima mashati ikiwa midogo... Nimewaridhia, wanangu, radhi yangu haina mkubwa wala mdogo. Mungu awafungulie kila mtakapopiga hodi. Awape watoto watakaowageuza kitandani bila kununa. Upindo wa mwalimu... usisahau, mama, uzi wa bluu.

Sasa anza. Sauti ya kwanza ni yako. Taratibu, usikaze koo... Nataka kuusikia humu ndani.

Eeh. Hivyo hivyo.

Anauliza, mwanangu. Dada yako anakuuliza... uko wapi.

Usitazame viatu.

Mwitikie.