Ntate Seabata Ramaisa, Aliyekataa Kuchambua Noti

Mchungaji, chifu, wafiwa wenzangu wa Ha Lesiamo na ninyi mliovuka mto kuja kutuzikia ndugu, mimi ni Nthofeela, dada mdogo wa marehemu, ndiye niliyepewa na ukoo kazi ya kusoma historia hii, na ingawa mchungaji alinisihi jana nisome kwa upole na ukurasa wa mwisho niuruke, sitauruka.

Ndugu yetu Seabata Ramaisa alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa hapa Ha Lesiamo, wilaya ya Leribe, akiwa kifungua mimba wa baba yetu, akachunga ng'ombe hadi mwaka 1960 alipoingia shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la sita, akaacha mwaka 1966 kwa sababu ukame ulimaliza mifugo na karo ikakosekana.

Mwezi Aprili 1971 alipata kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Welkom, ng'ambo ya mto wa mpakani, akafanya kazi chini ya ardhi miaka ishirini na saba, na huko ndiko yalikoanzia haya yote, kwani Januari 1980 nchi yetu ilipotoa pesa yake yenyewe, maloti, redio ilitangaza kwamba loti moja ni sawa na randi moja ya ng'ambo, haizidi wala haipungui, na kaka akaamini alichoambiwa. Aliporudi machimboni alibeba noti mpya ya maloti kumi, akaenda nayo duka la karibu na kambi kununua tumbaku, muuzaji akaitupa sakafuni, akamwambia, "Peleka makaratasi yako mlimani, hapa tunauza kwa pesa." Kaka akaiokota, akaipangusa, akasema, "Moja ni moja, bosi, hata redio yenu imesema," akatoka bila tumbaku, na wenzake wakamcheka wiki nzima, wakamwita Moja-ni-Moja, jina ambalo wengine hapa mnalitumia hadi leo na mnaona linachekesha.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimwoa wifi yangu 'Mamotlatsi, binti wa Ficksburg, ng'ambo ya mto, na baba mkwe alipotaka mahari iliyobaki iletwe kwa randi, kaka akamuuliza, "Baba, ng'ombe wangu hawana picha ya mtu usoni, hao nao utawakataa?" Akawavusha ng'ombe mtoni, mzee akawahesabu, akampa mke. Mungu akawajalia mtoto mmoja, Motlatsi, aliyezaliwa tarehe 7 Oktoba 1983, naye yuko hapa mbele yenu.

Sote tunajua tunavyofanya tukikaribia daraja la mpakani la Maputsoe, tunasimama kando, tunafungua pochi, tunachambua, randi tunazifunga kifuani, na maloti tunayarudisha nyumbani yakasubiri kununua unga, kwa kuwa ng'ambo hawayapokei, nami nachambua pia, sijitoi. Kaka hakuchambua hata siku moja. Alivuka na noti zake zilivyochanganyika, akakataliwa mkate, akakataliwa nauli, akarudi kwa miguu, na kesho yake akavuka tena vilevile.

Machimbo yalipompunguza kazini mwaka 1998 alirudi na kikohozi, akafungua duka pale njia panda, na chenji alitoa noti yoyote ambayo mkono wake uligusa, kwa kuwa kwake zote zilikuwa pesa, na hapo ndipo mlipompatia. "Ntate, naomba kiberiti," huku mmeshika maloti mia, mkapewa kiberiti na chenji ya randi, mkavuka nazo, mkiwa mmewakwepa wale wabadilishaji wa darajani wanaokata kumi katika kila mia. Nilimfokea, nikamwambia, "Kaka, hawa hawana haja ya moto, mtu gani anamaliza viberiti vitano kwa wiki?" Akanijibu, "Najua, Nthofeela, lakini nikiwakatalia nitakuwa nimekiri kwamba si moja."

Ugonjwa wa mapafu alioutoa shimoni ulimzidia mwaka jana, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Juni 2009, alishindwa kabisa kuvuta pumzi, mashine ya hewa ya hospitali ya upande wetu ilikuwa mbovu, tukamkimbiza hospitali moja ya binafsi ng'ambo, tukiwa na elfu tano zote za duka, zikiwa maloti matupu, kwa maana randi zake mlikuwa mmeshazimaliza. Dirishani wakatuambia tulete randi elfu tano kamili ndipo alazwe. Wabadilishaji wa darajani walitaka kukata mia tano yao, na pengo hilo hatukuwa na cha kulizibia, basi 'Mamotlatsi akarudi hapa kijijini, akapiga hodi nyumba hadi nyumba, hakuomba msaada, aliomba kubadilishiwa tu, moja kwa moja, na kila mlango ulimjibu, "Randi? Sisi tungezitoa wapi, mama?" Kaka alifariki mchana huo ndani ya gari, uani pa hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanawe.

Asubuhi hii nimeletewa sahani ya rambirambi niihesabu, ninyi ndio mmeijaza, na tunawashukuru, lakini humo ndani zimo randi, safi, zimekunjwa vizuri, nyingi kuliko zilizohitajika. Zilikuwa wapi Jumanne ile? Nimekasirika, na sioni haya kusema.

Familia inamshukuru muuguzi wa ile hospitali aliyetoka na mtungi wa hewa kwa siri, akakaa nao garini bila kuuliza pesa ya nchi gani, inawashukuru wachimbaji wenzake waliosafiri usiku kucha kutoka Welkom, na majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi hii iliyoganda kwa baridi. Duka tumelifunga, na bidhaa iliyobaki ni katoni moja ya viberiti, tumeiweka pale langoni, basi mkishanawa mikono kila mmoja apite achukue chake, hakilipiwi, na leo hakuna chenji.

Pumzika kwa amani, kaka, umevuka mzima, safari hii hakuna aliyekukata kitu.