Mzee Shirikishi Aukabidhi Ufukwe kwa Wenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitazama bahari kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, mkuu wa idara yetu ya usimamizi wa pwani anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ofisini tunamwita Mzee Shirikishi, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Kuwashirikisha watu wenyewe ndiko kulikomshinda.

Alianza kama ofisa wa mikoko. Wa enzi zake wanaapa kwamba alikuwa akivua viatu na kuingia matopeni. Sisi tuliokuja baadaye tunacheka tu, kwa sababu Mzee tunayemjua hakanyagi tope. Wageni walipokuja kupanda mikoko, aliamuru miche ichomekwe kwenye mchanga mkavu karibu na maegesho, watu wasichafuke. Picha zilitoka safi kabisa. Miche ilikauka kabla wageni hawajafika kwao, na mwaka uliofuata tukapanda palepale na kupiga makofi palepale. Kazi kwelikweli!

Tusimnyime haki yake, lakini. Ni yeye aliyeunda kamati ya ufukwe: wavuvi, kina mama wanaochokoa pweza, wenye hoteli na sisi wa idara. Aliiunda kwa kuwa wafadhili waliitaka. Akaiandikia kanuni nzuri ajabu, kwamba hakuna atakayejenga ufukweni bila kamati kukubali. Akaitia saini, akaisahau. Kina mama hawakuisahau. Walikuja kila kikao na watoto mgongoni, wakamsubiri, naye akamtuma dereva na udhuru. Wakaufunga mwamba wenyewe, mtu asivue hapo, ili pweza wakue, wakaufungua wenyewe, na nishani akapokea yeye. Wala uso haukumshuka.

Mwaka huu Mzee alinunua kiwanja ufukweni, apumzikie uzeeni. Fundi alikwishaanza kuchimba msingi wa ukuta, na ukuta huo ungeziba njia pekee ya kina mama kushukia mwambani. Bila njia hiyo hakuna pweza, na bila pweza jikoni hakuwaki moto. Wakaitisha kikao. Mkewe Mzee alimsihi aende mwenyewe, aongee nao kwa upole kama dada zake. Thubutu! Alimtuma dereva. Kamati ikapiga kura: ukuta marufuku, msingi ufukiwe. Hata wenye hoteli walinyoosha mikono, jambo ambalo hatujapata kuliona.

Alipopiga simu idarani akifoka tuutengue uamuzi huo, tulimjibu kwa heshima zote kwamba hatuna mamlaka hayo. Aliipa kamati yeye mwenyewe. Msingi umeshafukiwa, na kina mama wanapita juu yake kila siku na ndoo zao.

Mzee wetu, asante sana kwa kamati. Kweli, ndiyo kazi yako bora. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele na majirani wenye subira. Vikao hufanyika maji yakijaa, kina mama wakishatoka mwambani. Ukitaka kujenga hata banda la kuku, nenda mwenyewe, uombe.